Maneno Saba Niliyompa Rael

Siku moja ya kuchuma majani naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu. Haikuwa siku kubwa. Ilikuwa Jumanne, mvua ya mchana ilikuwa bado, na tulikuwa watatu katika shamba letu dogo la majani chai upande wa Kiptere: mama yangu mzazi, mke wangu Rael, na mimi. Sikuwa nimefika miaka ishirini na mitano. Siku hiyo mama aliniambia jambo ambalo hakulirudia tena mpaka alipotutoka, na hakukuwa na haja alirudie.

Lakini kwanza nikuambie kwa nini limenijia sasa.

Nyumba hii imenyamaza tangu tulipomzika Rael. Watoto wangu wanajua, ndiyo maana wananitumia wajukuu kila likizo, mmoja mmoja, kama watu wanaopokezana zamu. Wa mwisho kuja alikuwa Cherono, mtoto wa binti yangu, anayesoma chuo hapo Kabianga. Jioni moja alikuwa kwenye kiti cha nyanya yake, simu mkononi, akisoma maneno ya Kiingereza yanayofanana sura lakini hayafanani maana. Alikuwa na mtihani. Akaniuliza, "Babu, 'discreet' na 'discrete' zinatofautiana aje?"

Nikamwambia sijui.

Akainua kichwa akaniangalia. Akasema, "Babu, wewe unasema 'sijui' kama mtu anataja jina lake." Kisha akacheka, nami nikacheka, mara ya kwanza baada ya muda. Akatafuta kwenye simu. Tukaona kwamba 'discreet' ni mtu anayejua kutunza la kusemwa na la kutosemwa, na 'discrete' ni vitu vilivyotengana, kila kimoja kimesimama peke yake. Nikafurahi kujua. Nina umri huu na bado neno jipya linanifurahisha.

Lakini usiku nilipolala nilifikiri juu ya alichosema. Kusema 'sijui' kwa urahisi sikuzaliwa nako. Nilifundishwa, na aliyelipia mafunzo hayo si mimi. Alilipa Rael. Kwa hiyo nimeona nikuandikie wewe, na Cherono, na yeyote kati yenu wajukuu atakayekuwa na subira ya kusoma mwandiko wa mtu aliyeachia shule kidato cha pili.

Ni kweli, niliachia hapo. Baba alivunjika mguu vibaya akivuka mto na ndama, na nyumbani hapakuwa na mwanamume mwingine wa kushika ng'ombe. Nilirudi likizo ya mwezi wa nane nikabaki. Lakini wakati ule, kwenye kilima chetu, kidato cha pili kilikuwa kitu. Watu waliniletea barua za watoto wao walio mbali. Waliniletea chupa za dawa ya ng'ombe niwasomee maandishi, na pakiti za mbegu. Mengi niliyajua. Mengine nilikisia, nikakisia sawa, na yale niliyokisia vibaya hakuna aliyegundua kwa sababu hakuna aliyeweza kunisahihisha. Hapo ndipo mtu huharibika, mwanangu, polepole na bila kelele. Unaanza kuamini kwamba chochote kinachotoka kinywani mwako ni kweli kwa sababu kimetoka kinywani mwako.

Rael aliishia darasa la saba, akiwa wa kwanza darasani kwake. Tulipooana alikuwa na tabia ya kuwakusanya watoto wa majirani Jumapili mchana kwenye kibaraza chetu, akiwahesabisha kwa punje za mahindi. Mama alimwacha. Alisema heri punje zihesabiwe kuliko ziliwe na kuku. Basi kanisa likaamua kufungua nasari, likahitaji mwalimu mmoja. Wanawake wanne walijitokeza, Rael akiwa wa nne. Kila mmoja alipewa karatasi yenye maneno ya Kiingereza mawili mawili, yale yanayofanana, na wakaambiwa wajifunze maana zake. Ijumaa wataenda Kericho mjini kwa intavyu, na wataulizwa kutoka karatasi hiyo.

Sikuwa nimemwona akitaka kitu namna ile. Nilimtania kwamba hata mimi hakunitaka hivyo. Akaniambia, "Wewe ulikuja mwenyewe. Hii lazima niiendee."

Aliiweka karatasi ndani ya mfuko wa nailoni, akauficha kifuani ili umande usiiharibu. Tulipofika shambani asubuhi ile ya Jumanne tukapanga hivi: kila mstari wa majani, maneno mawili. Tunapoanza mstari anatoa karatasi, anasoma. Mimi nampa maana. Yeye anairudia mdomoni huku akichuma mpaka mwisho wa mstari, na tukigeuka tunaanza mengine. Mama alikuwa mstari wa pili kutoka kwetu, kikapu mgongoni, anatusikia.

Tulianza vizuri. 'Accept' na 'except', niliyajua: la kwanza ni kukubali kupokea, la pili ni kusema wote isipokuwa huyu. 'Quiet' na 'quite', niliyajua. 'Weather' na 'whether', niliyajua. Rael alikuwa anachuma kwa mikono miwili kama mtu anayepiga ngoma ndogo, na kila tukigeuka ananiambia, "Mwalimu, leta ingine." Aliniita mwalimu kwa utani, lakini mimi nilikuwa nalipokea jina lile bila utani kabisa.

Kisha akasoma 'adopt' na 'adapt'.

'Adopt' nilijua. 'Adapt' sikujua. Nilikuwa nimeliona shuleni, sura yake tu, kama vile unavyomjua mtu wa sokoni bila kujua anaitwa nani. Mwanangu, lilikuwa ni neno dogo tu la kusema. Lakini mwanamume wa wakati ule, tena kijana, hakumwambia mke wake 'sijui' huku mama yake anasikia. Hivyo ndivyo tulivyodhani uanaume ulivyo. Nikamwambia, "Hilo ni hilo hilo 'adopt', ila la jambo lililokwisha pita." Rael akalipokea. Akalirudia mpaka mwisho wa mstari.

Ukishamdanganya mtu mara moja na ameshukuru, ya pili inateleza. 'Human' nikamwambia mtu, na 'humane' nikamwambia ni watu wengi. 'Moral' nilijua kidogo. 'Morale' nikamwambia ni mwanamke mwenye tabia nzuri. 'Proceed' nilijua ni kuendelea mbele, kwa hiyo 'precede' nikasema lazima ni kurudi nyuma. Hili nililisema kwa sauti ya mtu anayetangaza kanisani. Yalikuwa saba kwa jumla. Rael aliandika yote saba kwa penseli, pembeni ya karatasi, kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka.

Saa nane tulipeleka majani kwenye kituo cha kununulia. Lori lilikuwa limechelewa, kama ilivyo desturi yake. Watu walikuwa wamemwaga vikapu vyao juu ya magunia wakichambua, kwa sababu karani wetu alikuwa mkali. Alitaka majani mawili na kichipukizi, basi. Akikushuku alikuwa anapindua kikapu chako mbele ya watu, na lile jani gumu ulilolificha chini linabaki limekaa juu, kila mtu analiona.

Mimi kikapu changu hakukipindua kamwe. Nasema hivi si kwa kujisifu, maana utaona kilinipeleka wapi. Nilikuwa nachambua mara mbili, shambani na kituoni, mpaka wenzangu wananicheka kwamba natafuta mchumba kwenye majani. Karani alikuwa anapokea kikapu changu na kukiweka kwenye mizani bila kuangalia ndani.

Basi nilikuwa nimechuchumaa nikichambua, na mama akaja akachuchumaa karibu yangu, akaanza kunisaidia. Rael alikuwa kule kwenye ua na wanawake wengine, tunasikia kicheko chake. Mama akasema kwa sauti ya chini, kwa Kipsigis, nami nakuwekea kwa Kiswahili:

"Maneno mengine unayompa Rael ni yako mwenyewe."

Nikamuuliza anamaanisha nini.

"Yale unayoyajua unamwambia huku ukichuma. Yale usiyoyajua, mikono yako inasimama kwanza. Leo imesimama mara saba."

Nilijaribu kucheka. Nikamwambia, "Mama, wewe hujui Kizungu."

"Sijui," akasema. "Lakini wewe nakujua."

Aliokota jani moja gumu kutoka kwenye rundo langu, nililokuwa karibu kulitoa, akalishika mbele ya macho yangu. "Hili unalitupa, na karani hata hakiangalii kikapu chako. Neno bovu umempa mke wako aende nalo mjini." Akalitupa lile jani nyuma yake. Akasimama, akapangusa magoti, akaenda kujiunga na wenzake. Ni hayo tu. Mpaka alipokufa hakuyataja tena.

Lori lilikuja, kikapu changu kikapimwa bila kupinduliwa, na kwa mara ya kwanza nilitamani kipinduliwe.

Nadhani unategemea nikuambie kwamba nilienda moja kwa moja kwa Rael. Sikuenda. Nilifikiri kuna njia ya kutengeneza mambo bila mtu kujua. Kesho yake nikasema nina shughuli, nikatembea mpaka Kabianga kwa mwalimu aliyenifundisha Kiingereza. Aliitwa Mwalimu Mbugua, Mkikuyu aliyekuja huku kufundisha akiwa kijana akajenga hapa hapa. Tangu niache shule nilikuwa nimemkwepa. Nikimwona barabarani napinda kichochoro. Niliona haya, ingawa hakuna kosa nililokuwa nimemfanyia.

Alikuwa kwenye boma lake akikamua. Akaniangalia kutoka chini ya ng'ombe.

"Kiprono. Nilifikiri ulikufa."

"Sikufa, mwalimu. Nilioa."

"Haya ni mambo mawili tofauti," akasema, "hata kama kuna watu wanaona yanafanana." Na mke wake aliyekuwa mlangoni akamwambia atainywa chai yake bila maziwa.

Nilimpa karatasi nilimoyanakili yale maneno saba pamoja na wenzao. Hakuniuliza ni ya nini. Alinawa mikono, akaketi kwenye stuli, akanieleza, na jinsi alivyoeleza nimeshika mpaka leo. Alisema 'adopt' ni pale mtu anapochukua mtoto ambaye hakumzaa akamfanya wake. 'Adapt' ni pale yule mtoto anapoanza kuizoea nyumba mpya, akabadilika kidogo ili aweze kuishi humo. 'Human' ni binadamu. 'Humane' ni mwenye huruma, hata kwa ng'ombe. "La kwanza tunazaliwa nalo sote," akasema. "La pili inabidi mtu ajitahidi." 'Moral' ni jambo la wema na ubaya, na 'morale' ni ile nguvu ya moyo ya watu wanaofanya kazi pamoja, ile inayoisha timu ikishafungwa mabao matatu. 'Proceed' ni kuendelea. 'Precede' ni kutangulia: mwanga wa radi unatangulia ngurumo.

Alipofika kwenye 'eminent' na 'imminent' akanyamaza. Akasema, "Haya mawili huwa nayachanganya. Ngoja." Akaingia ndani, akarudi na kamusi nene iliyofunikwa kwa gazeti, akalamba kidole, akafungua, akasoma kimya, kisha akaniambia. 'Eminent' ni mtu mashuhuri, anayeheshimika. 'Imminent' ni jambo lililo karibu sana kutokea. Akaonyesha mawingu juu ya kilima. "Kama ile mvua, na wewe una safari."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimelowa, na nilichokuwa nafikiria njiani si yale maneno. Mtu mwenye elimu kuliko wote niliowafahamu aliniambia mbele ya mke wake kwamba huyachanganya. Na hakupungua kitu. Chai ilikuja, maziwa yakiwemo, na mke wake akaendelea kumwita mwalimu.

Ungefikiri hapo nimeelewa. Bado, mwanangu. Alhamisi shambani nilimwambia Rael, "Nimekumbuka. Hilo neno 'humane' lina maana nyingine pia." Nikampa ile ya kweli, lakini ile ya uongo sikuiondoa. Nilifanya hivyo kwa yote saba. Nilitaka ukweli uingie bila mimi kuonekana. Naye akaandika maana ya pili chini ya ile ya kwanza, saba zote, na alipomaliza akasema, "Kumbe Kizungu ni kipana hivi." Alikuwa anafurahi. Mama alikuwa mstari wa pili kutoka kwetu. Hakunitazama, akaendelea kuchuma.

Usingizi ulinikataa. Ijumaa asubuhi nilimsindikiza mpaka barabarani. Alivaa gauni lake la bluu la kanisa, viatu amebeba mkononi kwa ajili ya matope, miguuni ana malapa. Tulipofika kwenye kituo cha majani, ambacho asubuhi hakina mtu, nikamwambia tusimame.

"Rael, yale maneno saba yenye maana mbili. Ile ya kwanza nilitunga."

Alifikiri ni utani wetu wa kawaida. "Ulitunga aje?"

"Nilitunga. Sikujua. Ile ya pili nilienda kuuliza kwa Mwalimu Mbugua, ndiyo ya kweli."

Aliniangalia kwa muda. Sijui kama uliwahi kuangaliwa na mtu ambaye anakupenda na hapo hapo anakuona upya. Alikaa kwenye ile meza ya mbao ya kupimia, akatoa karatasi, akatoa penseli, akaanza kufuta. Alifuta kwa nguvu, na kwenye lile neno 'humane' karatasi ikatoboka. Alipomaliza akauliza, bila kuinua kichwa, "Ni saba tu? Usiniache na hata moja."

"Ni saba."

Akavaa viatu, akanipa malapa niyabebe, akaenda barabarani. Hakuniaga.

Alirudi saa kumi na moja. Nilijua kabla hajafika mlangoni, kwa jinsi alivyokuwa anatembea akiangalia chini. Alimwambia mama kwanza, nami nikasikia nikiwa kwa ng'ombe. Walimuuliza jozi tano. Tatu za kwanza alijibu bila shida. Ya nne ikawa 'human' na 'humane', na kilichomjia mdomoni ni kile alichokirudia mstari mzima Jumanne. Alijisahihisha, lakini alikuwa ameshababaika, na jozi ya tano, ambayo aliijua vizuri, ikampotea yote. Mama mmoja kati ya waliokuwa wakiuliza alimwambia kwa upole kwamba ajaribu tena mwaka ujao. Nafasi alipewa mwanamke mwingine wa kanisani kwetu, na alifundisha vizuri, sitasema vinginevyo.

Hakunikemea. Heri angenikemea. Jumamosi na Jumapili alinipikia, akanipakulia, akanijibu nilipomuuliza kitu. Lakini hakuniita mwalimu, na kibarazani hakuwaita watoto.

Jumatatu tulienda kuchuma. Tulichuma mistari miwili hivi, ukungu bado uko juu ya majani. Kisha akatoa karatasi ile ile, yenye tundu.

"Nitaendelea kukuuliza," akasema. "Ukijua, niambie. Usipojua, chuma tu. Nikiona unachuma, nitajua, nitatafuta kwingine."

Nikamwambia sawa.

"Si sawa ya mdomo, Kiprono."

"Ni sawa."

Akaniuliza neno. Sikulijua. Mwanangu, sikuwa nimejua jinsi ilivyo kazi ngumu kuchuma majani tu. Mikono ilitaka kusimama, mdomo ulitaka kufunguka. Nilichuma. Nikafika mwisho wa mstari nikiwa na jasho, asubuhi ya baridi. Naye akaweka alama ndogo kwenye karatasi, na Jumamosi iliyofuata akaenda Kabianga mwenyewe, akakaa na ile kamusi kwa Mwalimu Mbugua. Alienda Jumamosi nyingi. Mwaka uliofuata watoto wa nasari walizidi darasa moja, akarudi mjini, akaulizwa, akapata.

Alifundisha mpaka alipostaafu. Siku tulipomzika, vijana waliobeba jeneza walikuwa sita, na wanne kati yao alikuwa amewafundisha kushika penseli.

Nataka ujue yale makubaliano yetu ya shambani hayakuishia kwenye Kiingereza. Yalitufuata nyumbani. Aliponiuliza kama mtoto wetu wa pili atapona homa ile, sikujua, nikanyamaza nikamshika mtoto upande wa pili. Aliponiuliza kama tung'oe majani ya sehemu ya chini tupande mahindi, nilijua, nikamwambia tusing'oe. Kwa hiyo nikisema, aliamini. Sikuwa mtu wa maneno mengi na wengi walidhani ni tabia yangu. Ilikuwa ni ahadi.

Mwaka huu alipolazwa, wageni walikuja kila siku, watu wa kanisa, walimu wenzake, majirani. Kila mmoja alimwambia atapona. Siwalaumu, walisema kwa upendo. Alasiri moja walitoka wote kwenda kunywa chai, tukabaki wawili. Daktari alikuwa ameniambia asubuhi hiyo kwamba yeye mwenyewe hawezi kusema. Rael akageuza kichwa kwenye mto, akaniuliza, "Nitarudi nyumbani?"

Wale wote walikuwa wameshamjibu. Akaniuliza mimi kwa sababu alijua nitajibu nini kama najua, na nini kama sijui.

Nikamwambia, "Sijui, Rael."

Akatoa pumzi ndefu, kama mtu aliyesaidiwa kutua mzigo. Akafumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akasema, "Basi kaa hapa. Niambie ng'ombe wakoje."

Hayo niliyajua yote. Nikamwambia yule mweupe amezaa dume, na yule wa madoa anatoa maziwa nusu kwa sababu ya mguu, na kwamba nyasi ya ile sehemu aliyoipanda yeye imeota vizuri. Nilimweleza moja moja mpaka wageni waliporudi. Alifariki siku nne baadaye. Sina neno moja nililomwambia katika siku hizo ambalo natamani kulirudisha, na hiyo ndiyo faraja niliyonayo, sina nyingine kubwa zaidi ya hiyo.

Sasa shika ninayokuambia. Soma hayo maneno yanayofanana. Yasome kwa bidii, maana aliyeyapanga kwenye mtihani anajua macho yetu yana haraka, yanaona sura na kudhani yamemjua mtu. Jifunze kutofautisha, na ukijua, sema kwa furaha, usiringe. Lakini litakapokuja lile usilolijua, na litakuja mbele ya watu unaotaka wakuheshimu, usimpe mtu jibu ulilolitunga ili ulinde uso wako. Huyo mtu atalibeba mpaka mahali usipokuwepo kumsaidia. Na ukiwa umeshampa, usiweke la kweli juu ya la uongo ukayaacha yote mawili. Rudi, mwambie ni lipi la kufuta, hata kama kalamu itatoboa karatasi. Zaidi kwa wale wanaokupenda. Hao hawatakukagua. Wataamini tu, na ndiyo sababu unawajibika kwao kuliko kwa karani yeyote.

Mungu akupe akili ya kujifunza na moyo wa kuuliza, mwanangu. Akupe mtu wa kukuamini, na akufanye mtu wa kuaminika. Mvua ya mchana ikukute kwenye paa, maziwa yasikauke nyumbani kwako, na siku utakapoulizwa swali gumu kuliko yote na mtu unayempenda, akupe ujasiri wa kumjibu kweli, na muda wa kukaa karibu naye baada ya kujibu.